Frigo Inasema Mbele ya Kufa



Katika kambi na mitaa yetu, toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, frigo inanunuliwa kwa jasho. Nyumba moja inaweka nyama ya juma, nyingine inauzisha maji ya baridi, nyingine inatunza insulini ya mgonjwa wa sukari. Kwa hiyo tujifunze kuisikia mapema.

Mjue kwanza kazi yake. Frigo haitengenezi baridi. Inavuta joto la ndani na kulitupa inje, kwa gazi inayozunguka katika mirija iliyofungwa. Ile mirija myeusi ya nyuma ikiwa na joto, ni alama ya afya. Sasa angalieni haya.

1. Motere haipumziki. Frigo nzima inanguruma, kiisha inanyamaza. Ikinguruma mchana kutwa, usikimbilie fundi. Chomoa, pangusa mavumbi ya nyuma, isogeze mbali kidogo na ukuta. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, ukivute: kikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka. Barafu ikiwa nene, zima na kuiacha iyeyuke yenyewe. Mama, usiichongoe kwa kisu! Kisu kikitoboa mrija, gazi yote inatoka.

2. Motere inafanya kazi, lakini mirija ya nyuma haina joto, na barafu inashika upande mmoja tu. Mara nyingi gazi imepungua. Hapa sikieni vizuri: gazi ya frigo haiishi kama petroli ya gari. Ikipungua, pana tundu. Fundi anayejaza gazi bila kuziba tundu anakuuzisha kitu kitakachotoka tena, na makuta yako yanatoka pamoja nacho. Mwulize: "Tundu liko wapi?" Alama ya mafuta juu ya mrija inaweza kumwonyesha.

3. Inalia "tik", inanyamaza, kiisha "tik" tena, na motere haianze. Pengine umeme ni dhaifu, pengine kifaa cha kuanzisha motere kimeungua. Chomoa mbio, juu ya motere isiungue nayo. Tena, umeme ukikatika na kurudi, ngoja dakika 5 mbele ya kuchomeka.

4. Inakupiga umeme ukiigusa. Hii haina kungoja kesho. Kata umeme wa nyumba kwanza, ndipo uchomoe. Mtoto mwenye miguu yenye maji anaweza kufa hapo. Isirudishwe mpaka fundi wa umeme aiangalie.

Neno moja juu ya fundi. Msome pamoja kibandiko cha frigo. Kikiandikwa R600a, gazi hiyo inawaka moto. Kazi ifanyike inje penye hewa, na moto wa kuchomelea usiguse mirija ambamo gazi ingali ndani.

Na nyumba yenye insulini: ile isiyofunguliwa inataka joto la 2 mpaka 8 °C, na isigande hata kidogo. Frigo ikianza mashaka, ipelekeni kwa jirani mwenye frigo nzima au kituo cha afya siku ile ile. Nyama inaweza kukaushwa au kupikwa jioni. Dawa haiwezi.