Homa Isiyosikia Dawa

Mama mpendwa, hapa kwetu Bariadi mtu akishikwa na homa neno la kwanza ni malaria. Si vibaya, maana malaria ipo na inaua. Shida huja pale mgonjwa anapomaliza dawa mseto ya siku 3, homa ikabaki palepale, nasi tukakimbilia dukani kununua dozi nyingine.

Huko Moshi, mwaka 2007 na 2008, wataalamu waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Maabara ilipomaliza kazi, homa iliyoletwa na malaria ilikuwa ya wagonjwa 14 tu. Moshi si Simiyu, lakini somo ni letu pia: homa ni dalili, si jina la ugonjwa.

Basi tufikirie nini kingine? Sisi ni wafugaji. Maziwa mabichi, au kumzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu, huweza kuleta brusela. Homa yake huja na kuondoka kwa majuma mengi, pamoja na jasho la usiku na maumivu ya mgongo na viungo. Dawa zake humezwa kwa majuma 6. Kikohozi cha majuma 2 na kukonda huashiria kifua kikuu. Maumivu wakati wa kukojoa yaonya juu ya njia ya mkojo, hasa kwa mjamzito. Maji ya lambo yasiyochemshwa huleta homa ya matumbo. Na papasi wanaojificha katika nyufa za sakafu ya udongo huleta homa inayotulia siku kadhaa, kisha ikarudi.

Jambo lingine: kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole chaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa majuma kadhaa hata vijidudu vikiisha kufa. Kwa hiyo homa ikirudi, omba damu iangaliwe kwa hadubini. Hiyo huweza kuona pia vijidudu vya homa ya papasi.

Kabla ya kwenda zahanati, andika kwenye karatasi:

– homa ilianza lini, na hupanda saa ngapi;
– dawa zote zilizotumika, hata za mitishamba;
– kama mnakunywa maziwa mabichi, au kuna ng'ombe aliyetupa mimba;
– kama kuna anayekohoa nyumbani.

Sisi wauguzi tukisahau kuuliza, utuambie. Na baba akisema ni malaria tu, mwonyeshe karatasi hiyo. Fedha ya pamba isiishie kwenye dozi zisizolenga ugonjwa.

Ila usingoje siku 3 ikiwa mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, anapumua kwa shida au amelegea. Mpeleke saa hiyohiyo. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa yoyote naye asilale nyumbani.

Leo jioni, chemsha maziwa mpaka yatokote, hata yale ya kugandisha. Tukutane mwezi ujao.