Geji si hereni

Wanangu wa 4x4, leo mtanikasirikia na sijali.

Kila wiki naona video ile ile. Prado imeinuliwa, tairi za tope, taa sita juu ya paa. Kamera inaingia ndani: geji tatu za duara zimepangwa juu ya dashibodi, zinawaka bluu na nyekundu, mishale inazunguka ukiwasha swichi. Laiki kibao. Komenti zote za moto. Mimi nauliza swali moja tu: hizo geji zinapima nini?

Kimya.

Ya kwanza ni ya busti, na injini haina turbo. Ya pili ni ya oili, na sensa yake bado iko kwenye boksi. Ya tatu imeunganishwa na waya wa taa peke yake. Hiyo si geji, hiyo ni hereni. Ukitaka kuivalisha gari yako hereni sina neno, pesa ni zako. Lakini usimwambie dogo mwenye kukufuata ati hiyo ndiyo gari iliyotengenezwa kwa porini.

Mtasema nina wivu. Hapana. Nakaa Vanga. Huku 4x4 si ya kupiga picha Jumapili Diani. Inabeba samaki, inabeba wageni wa mikoko, na usiku ikibidi inabeba mama mwenye uchungu kwenda Lunga Lunga halafu Msambweni. Masika yakishika na mto Umba ukifurika, gari ndogo zinabaki na hizi za juu ndizo zinazotafutwa. Injini ikifia njiani usiku huo, abiria wako hana muda wa kuangalia taa zako za bluu.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuza geji hatakuambia. Geji ya joto iliyokuja na gari yako, kwa gari nyingi za miaka ya 90 kuja huku, imetengenezwa isikusumbue. Maji yakiwa nyuzi 80 au yakikaribia 100, mshale unakaa pale pale katikati. Ukiuona umeanza kupanda, mara nyingi umeshachelewa. Wenye Prado na Surf za injini ya 1KZ mnanielewa: hedi yake ni ya alumini, ikichemka inapasuka. Gia ya chini, mchanga, mwendo wa konokono, jua la Januari, upepo hauingii kwenye redieta. Hapo ndipo geji ya ziada inafanya kazi, na ndipo ile ya mapambo inakuangusha.

Kwa hiyo ukiwa na pesa ya geji moja, nunua ya joto. Ukiwa na ya mbili, ongeza presha ya oili. Kama umeongeza turbo kwa 1HZ, ambayo ilitoka kiwandani bila turbo, ya joto la moshi ni lazima. Wengi wanaweka kikomo karibu nyuzi 700 kabla ya turbo. Na tundu la sensa yake litobolewe manifoldi ikiwa imetolewa, la sivyo vyuma vidogo vinaishia ndani ya turbo.

Kuna mtego mwingine. Paipu ikipasuka na maji yakaisha, sensa ya maji inabaki kwenye hewa na inaweza kusoma chini huku injini inaungua. Ndiyo maana ipo aina inayopima joto la chuma chenyewe, sensa inabanwa kwa bolti ya injini, na joto likipita inapiga kelele. Haipendezi kwenye video. Mimi ningechukua hiyo kabla ya zote.

Tuje kwa kufunga. Mafundi wetu nawaheshimu, wengi mikono yao ni dhahabu. Lakini nimesimama gereji moja nikaambiwa, "Kijana, geji ni kitu kidogo, haitaki fyuzi." Inataka. Toa kwanza waya wa neg kwenye betri. Weka fyuzi yake, amperi 2 au 3, karibu na pale unapochukulia moto. Chukua moto unaokuja ukiwasha swichi, si wa betri moja kwa moja, usije ukaamka betri imekufa. Waya ukipita kwenye bati la kati ya injini na kabini, lile tundu livalishwe mpira. Bati tupu litausaga ule waya kwa mtikisiko mpaka lifike kwenye shaba, na bila fyuzi moto unaanzia ndani ya dashibodi, magotini pako.

Kusokota waya na kuzungusha tepu? Huku kwetu chumvi iko hewani. Mpe muda mfupi, shaba imekuwa ya kijani na geji inasema uongo. Bana kwa viungo vizuri, funika na mpira unaojikaza kwa joto.

Geji ya oili nunua ya umeme. Zile za bei ya kutupa zinaleta oili yenyewe mpaka ndani kwa kimrija cha plastiki. Kikikatika, oili ya moto iko miguuni mwako na injini inakauka. Sensa nayo ilingane na geji yake, usichanganye za kampuni mbili. Angalia thredi pia. Tundu la Toyota ni BSPT, vitu vingi vya Marekani ni NPT. Kwa macho zinafanana, lakini moja ina thredi 28 kwa inchi na nyingine 27. Ukilazimisha, unavujisha au unapasua. Na usitoe ile swichi ya taa nyekundu ya oili. Tumia kiungo cha T, vyote viwili vibaki.

Halafu Land Cruiser nyingine za Japani ni za volti 24. Pima kabla ya kununua. Na usibandike chochote juu ya eabegi ya abiria. Ikifunguka, geji inakuwa jiwe la usoni.

Najua jibu lenu: "Wazee waliendesha Land Rover bila mambo haya yote." Kweli. Na kila asubuhi walifungua boneti, wakaangalia maji, wakashika mkanda, na njiani walisikiliza injini. Wewe unasikiliza spika.

Na kuna atakayeandika, "Wewe chuo ulikiacha, umekuwa injinia lini?" Nilikiacha, ndiyo. Waya ukianza kuungua hauulizi cheti cha mtu.

Basi nyinyi wenye kurasa kubwa, posti inayofuata fungueni boneti. Tuonyesheni sensa iko wapi na fyuzi iko wapi. Mkishindwa, andikeni "mapambo" chini ya video, mambo yaishe. Kuna dogo hapo Jimbo anawatazama, ana gari ya babake, na kesho amebeba watu.