Asili Isiyo ya Asili: Mwanamke Mtunisha Misuli na Mizani ya Majaji

Kiswahili kina neno jikedume, na aghalabu neno hilo halitamkwi kwa nia ya kusifu. Anayeitwa hivyo ni mwanamke aliyedhaniwa kuvuka mpaka: sauti yake, mwendo wake au mabega yake yamemfananisha na mwanamume, nayo jamii humrudisha mahali pake kwa kumpachika jina. Katika zama hizi ni vigumu kupata kundi linalolichokoza neno hilo kuliko wanawake wanaoshindana katika kutunisha misuli. Miongoni mwao, wanaostahiki kujadiliwa kwa makini zaidi ni wale wanaoijenga miili yao bila dawa za kututumua misuli, yaani wale wanaojulikana huko Magharibi kama watunisha misuli wa asili. Mjadala kuwahusu umetawaliwa na hofu kwamba wanaupoteza uanauke wao. Hofu hiyo imeelekezwa pasipostahili. Wanachokihatarisha ni kingine kabisa, na neno ‘asili’ lenyewe ndilo linalokificha.

Utata wa kipimo ulianza mapema. Shindano la Ms. Olympia lilipoasisiwa mwaka 1980, taji lilimwendea Rachel McLish wa Marekani, ambaye misuli yake ilionekana waziwazi lakini haikumtisha mtazamaji. Miaka mitatu baadaye, mjini Las Vegas, Bev Francis wa Australia, aliyekuwa bingwa wa kunyanyua uzani, alipanda jukwaani akiwa na misuli iliyowapita wenzake wote. Lau misuli pekee ndiyo ingalikuwa kigezo, ushindi ungalikuwa wake. Majaji walimweka katika nafasi ya nane, na mshindi akawa Carla Dunlap. Filamu iliyotolewa mwaka 1985 kuhusu shindano hilo, Pumping Iron II: The Women, inawaonyesha wahusika wakibishana juu ya kile hasa walichoitwa kukipima. Je, ni misuli au ni uanauke? Yamkini swali hilo halijapata jibu hadi leo. Mnamo Desemba 2004 shirikisho la IFBB liliwataka wanawake wa kulipwa wapunguze misuli yao kwa asilimia 20. Asilimia 20 ya nini, na kwa mizani ipi? Wanaume hawakuguswa na agizo hilo. Baada ya mwaka 2014 shindano la Ms. Olympia lilisitishwa, likarejeshwa mwaka 2020. Kabla ya hapo yalikuwa yamekwisha kubuniwa madaraja mengine ambamo mwanamke hujitokeza akiwa na misuli ya wastani na viatu vya visigino virefu.

Katika hali hiyo, mashindano ya wasiotumia dawa yalionekana kuwa kimbilio. Testosteroni, homoni inayochangia pakubwa ukuaji wa misuli, hupatikana kwa mwanamume mzima kwa kiwango ambacho ni takriban mara 15 ya kile cha mwanamke. Bila sindano wala vidonge, basi, mwanamke hawezi kufikia ukubwa ule uliowababaisha majaji. Anachokipata hukipata polepole, kwa miaka ya kunyanyua vyuma na kula kwa mpango. Mashirika kama WNBF huwapima washiriki mkojo na kuwahoji kwa mashine ya kutambua uongo. (Ni ajabu kidogo kwamba heshima ya mwanamichezo hukabidhiwa mashine ambayo sheria ya Marekani ya mwaka 1988 iliwakataza waajiri wengi wa kibinafsi kuitumia kwa wafanyakazi wao.) Anayefaulu hupewa sifa ya kuwa ‘wa asili’. Sifa hiyo ina uzito, kwani inamtenganisha na udanganyifu na kuuthibitisha mwili wake kuwa zao la jasho lake mwenyewe.

Ni haki kukiri kwanza kile anachokichuma. Mwanamke aliyefunzwa tangu utotoni kuuona mwili wake kama pambo la kutazamwa, au kama chombo cha kuwahudumia wengine, huingia katika ukumbi wa mazoezi na kuukuta mwili huo huo ukiwa na uwezo. Chuma kilichomshinda mwezi uliopita anakiinua mwezi huu. Chuma hakijali ni mke au ni mume anayekishika. Anajifunza majina ya misuli yake na namna ya kuiamuru mmoja mmoja, na akisimama jukwaani huonyesha kazi aliyoitenda kwa mikono yake. Wanaomwita jikedume hawajui wanachokisema, kwa sababu nguvu hazikuazimwa kwa mwanamume.

Hata hivyo, mwili wa jukwaani hautokani na kunyanyua vyuma pekee. Unatokana pia na njaa. Ili kila msuli uonekane, mafuta yaliyo chini ya ngozi hayana budi kuyeyushwa, nayo kazi hiyo huchukua miezi. Minofu ya kuku hupimwa kwa mizani, wanga hupunguzwa juma baada ya juma, na mazoezi ya kutoa jasho huongezwa kadiri chakula kinavyopungua. Mwaka 2016, Halliday na wenzake walichapisha katika jarida la Nutrients maelezo ya mshindani mmoja wa kike, mwenye umri wa miaka 26 hadi 27, asiyetumia dawa. Katika maandalizi ya majuma 20, mafuta mwilini mwake yalipungua kutoka asilimia 15.1 hadi 8.6. Katika juma la 11 hedhi yake ilikatika. Majuma 20 baada ya shindano, mafuta yalikuwa yamerejea hadi asilimia 14.8, na mtu aliyemtazama kwa macho angedhani mambo yamekwisha. Hedhi yake ilirudi majuma 71 baada ya siku ya jukwaa.

Huyo ni mtu mmoja, na si haki kuwahukumu wote kwa mwili wake. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2017 ukihusisha wanawake 27 waliojinyima chakula kwa takriban miezi minne unatoa picha yenye nafuu: homoni nyingi zilizoshuka zilirejea katika kipindi cha miezi mitatu hadi minne, ingawa si zote. Lakini hata katika nafuu hiyo, ni dhahiri kwamba mwili ulioko jukwaani ni mwili uliokwisha kuanza kufunga milango yake. Ukosefu wa hedhi unaotokana na njaa huambatana na upungufu wa estrojeni, na upungufu huo ukidumu hudhoofisha mifupa. Wanaume wanaojiandaa nao hulipa gharama yao, ila hawana ishara iliyo wazi kama hii ya kuwaonya.

Hapa ndipo neno ‘asili’ linapopotosha. Katika Kiswahili, kilicho cha asili ni kile kilichokuwapo kabla mkono wa mtu haujakigusa: chemchemi ya asili, msitu wa asili. Mwili wenye asilimia 8.6 ya mafuta haukuwapo kabla ya mkono. Umechongwa, na mwenyewe hawezi kukaa ndani yake zaidi ya siku chache. Kuuita wa asili ni kumwambia msichana anayeutazama pichani kwamba umbo hilo linapatikana na kudumishwa na yeyote mwenye nidhamu. Akilikosa, atajilaumu. Akilipata na hedhi ikatoweka, atadhani ni ishara ya bidii, maana ameambiwa kwamba hatari imo katika dawa tu.

Watetezi watajibu kwamba mshiriki ni mtu mzima na amechagua mwenyewe. Hoja hiyo ina mashiko, wala hakuna sababu ya kumpiga marufuku. Ila anayechagua anahitaji kuelezwa, na wanaopaswa kumweleza kwanza ni wakufunzi wanaompangia majuma 20 ya kujinyima bila kumpangia hata moja la kurejea. Lingekuwa jambo la busara mpango wa baada ya shindano uandikwe siku ile ile unapoandikwa wa kabla, pamoja na makubaliano kwamba hedhi ikikosekana kwa miezi mitatu mshiriki atamwona daktari. Majaji nao watangaze wazi kiasi cha ukavu wa misuli wanachokitaka, kwani kila alama wanayompa mshindani aliye mkavu zaidi huwasukuma wengine wapunguze chakula msimu unaofuata.

Kwa upande wa lugha, waandishi wa michezo wanaofasiri habari hizi wasiharakishe kuandika ‘mtunisha misuli asilia’. ‘Mtunisha misuli asiyetumia dawa’ ni maneno marefu zaidi na yatakula nafasi katika kichwa cha habari, lakini yanataja kile tu kilichopimwa katika mkojo, na yanaacha swali la afya likiwa wazi.