Tuwapeleke Watoto Wakaione Maluti

Wazazi wenzangu, nina pendekezo moja kwa muhula huu. Jumamosi moja tuache madawati, twende Rand Airport pale Germiston, kilomita kumi hivi kutoka hapa Rosettenville. Katika makumbusho ya Shirika la Ndege la Afrika Kusini zimeegeshwa ndege mbili kubwa zilizostaafu, Lebombo na Maluti, zote Boeing 747.

Kwa kawaida ndege kubwa ikistaafu hupelekwa jangwani. Marubani huirusha bila abiria hadi Victorville, California, au Alice Springs, Australia, ambako hewa ni kavu na unyevu hauili mwili wa ndege upesi. Injini huzibwa, madirisha hufunikwa. Chache hurudi kazini. Nyingi huvuliwa vipuri, kisha zikakatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Hizi mbili zimeponea. Lebombo ilitua Rand mwaka 2004 na Maluti mwaka 2006, kwenye njia ya kurukia isiyofika mita 2,000.

Lebombo watoto huisikia shuleni: ndiyo iliyopita chini kabisa juu ya uwanja wa Ellis Park siku ya fainali ya raga, Juni 24, 1995. Maluti haitajwi sana, na hiyo ndiyo yenye habari zetu.

Mei 1963, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa Addis Ababa, viongozi walitaka ndege za serikali ya ubaguzi wa rangi zisipite katika anga la nchi huru. Kamati ya Ukombozi ikawekwa Dar es Salaam. Nchi nyingi zikafunga anga, na ndege za Johannesburg zikalazimika kuzunguka bara kwa upande wa magharibi, juu ya bahari, zikitua kisiwa cha Sal kuongeza mafuta. Safari zikarefuka, gharama zikapanda. Ndiyo maana shirika lilinunua 747 za aina ya SP, fupi kwa mita 14 hivi kuliko 747 za kawaida, nyepesi, zenye uwezo wa kwenda mbali sana. Machi 1976 ya kwanza iliruka kutoka Paine Field, Marekani, hadi Cape Town bila kutua, zaidi ya kilomita 16,500. Maluti ni mojawapo ya SP hizo.

Mtoto anayeambiwa mtaani kwamba yeye ni mgeni, kwamba kwao hawakuchangia lolote hapa, aoneshwe ndege ile. Ufupi wake ni ushahidi kwamba babu zake walikataa, na kukataa kwao kulimgharimu mbaguzi.

Wapo watakaosema Jumamosi ni fupi, tubaki na ngeli na insha. Lakini ngeli ziko pale pale. Mwenye mabawa ya manyoya, ndege ametua. Yenye mabawa ya bati, ndege imetua. Rubani, tairi, injini, abiria, anga: mtoto akiyataja akiwa amesimama chini ya bawa halisi, hataona tena Kiswahili kuwa lugha ya jikoni kwa bibi tu.

Insha wataiandika wakirudi. Naomba tulijadili katika kikao kijacho cha wazazi, tupange siku na usafiri.