Usingizi wa Mfanyakazi wa Zamu

Muuguzi wa Garissa atokaye zamu ya usiku hana adui mkubwa kuliko jua. Arudipo nyumbani asubuhi, bati la paa limekwisha kuanza kupata moto, na adhuhuri joto la mji huo mara nyingi hupita digrii 35. Hulala saa mbili tatu, huamka amelowa jasho, na jioni hana budi kurudi kazini. Majirani humwita mvivu. Huko ni kumwonea.

Mwili una saa yake. Wataalamu watatu wa Marekani, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo iendavyo. Huongozwa na nuru, wala haigeuki kwa siku moja. Ndiyo sababu zamu isogezwayo mbele, yaani asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, huchukulika vyema kuliko ile irudishwayo nyuma. Wapangao zamu yawapasa kulitazama sana neno hili, kwani mgonjwa ndiye aumiaye muuguzi asinziapo.

Nyumbani, yafaa alale mara afikapo, kabla jua halijawa kali, katika chumba chenye pazia zito. Kisha ajinyoshe tena kidogo alasiri. Kahawa na chai aziache mapema usiku. Mwezi wa Ramadhani hesabu ni nyingine: hula daku akiwa kazini, na mchana hulala na kiu katika joto lile lile. Hapo jamaa ndio wenye kumfaa, kwa kunyamazisha watoto na kumwomba mgeni wa saa nne arudi baada ya alasiri.