Ni Nani Aangukaye?

Bwana Mhariri,

Wako wenzetu wenye elimu wasemao ya kuwa zile picha fupi za sinema za zamani zisizo na sauti, za watu kuteleza, kupigana mateke na kutupiana keki usoni, ni upuuzi usiomfaa mtu mzima mwenye heshima. Naomba nafasi niwajibu.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba si adabu kumcheka aliyeanguka. Naam, si adabu kumcheka mnyonge. Lakini na tutazame ni nani aangukaye. Mack Sennett, aliyeanzisha kampuni ya Keystone huko Marekani mwaka 1912, aliwaangusha askari polisi kundi zima, pamoja na virungu vyao. Katika picha iitwayo The Immigrant, ya mwaka 1917, wahamiaji melini waiona Sanamu ya Uhuru ya New York, na mara wazuiwa kwa kamba kama mifugo. Ndipo Charlie Chaplin ampigapo teke afisa. Teke lile lilisema neno ambalo hotuba nyingi ziliogopa kulisema.

Hoja ya pili ni kwamba kazi ile haikuhitaji akili. Basi na waitazame One Week ya mwaka 1920. Buster Keaton ajenga nyumba iliyoletwa vipande vipande katika masanduku. Hasidi wake abadili namba za masanduku, na nyumba yatoka kombokombo. Dhoruba ijapo, nyumba yazunguka kama pia. Kuizungusha nyumba nzima namna ile bila mtu kuvunjika shingo kwataka vipimo vya fundi hodari.

Wala sizitetei zote. Katika picha kadhaa za miaka ile Wazungu walijipaka masizi usoni ili kuwadhihaki watu weusi. Huo haukuwa mchezo bali dhuluma, maana ulimwangusha aliyekwisha kuangushwa. Kwa hiyo kipimo ni kimoja kwa picha zote: ni nani aangukaye?

Ndugu zangu, sisi tunaoishi katikati ya mihuri na vyeo twakihitaji kicheko hiki kuliko wengine. Wazee walisema mpanda ngazi hushuka. Picha hizi zaonyesha tu jinsi anavyoshuka. Achukiaye kumwona mwenye cheo akiteleza, na atazame kwanza sakafu iliyo mbele ya kiti chake mwenyewe.

Wenu,
Karani