Mchanga Unaotunza Maji

Mtu akitajiwa Marekani hufikiri majumba marefu na magari. Leo nataka kuwatajia wasomaji wetu Nebraska, jimbo la mashamba na mbuga za nyasi lililo katikati ya nchi ile, mbali na bahari. Huko ng'ombe ni wengi kuliko watu.

Jimbo hilo lina vilima vya mchanga vilivyoenea kiasi cha kilomita 50,000 za eneo, zaidi ya robo ya jimbo zima. Ni mchanga uliorundikwa na pepo za zamani, na leo umefunikwa nyasi. Mvua ikinyesha huzama, ikaingia katika hazina kubwa ya maji ya chini iitwayo Ogallala. Baina ya vilima maji hayo huchomoza yakawa maziwa na vijito. Kusini yake, katika mto Platte, korongo kwa mamia ya maelfu hutua kila mwaka kuanzia Februari hata Aprili, na usiku hulala wamesimama majini wasije wakaliwa.

Mwaka 1904 serikali ilipitisha sheria ya kuwapa walowezi eka 640 kila mmoja. Wengi waliolima waling'oa nyasi, upepo ukachukua mchanga, wakahama mikono mitupu. Waliodumu ni wafugaji walioziacha nyasi mahali pake. Na lilipokuja shauri la kupitisha bomba la mafuta katika vilima hivyo, wafugaji wengi walikataa kwa kuyahofia maji yao. Mwaka 2011 kampuni ilikubali kuvikwepa vilima, na mwaka 2021, Rais Biden alipofuta kibali, mradi ukaachwa.

Je, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mji wa Lamu wanywa maji ya visima vya Shela, na visima hivyo vyategemea vilima vya mchanga. Mvua huzama mchangani, maji matamu yakakaa juu ya yale ya chumvi. Lakini kwetu wako wanaovitazama vilima hivyo wakaona viwanja vitupu vya kujengea. Ukijenga juu yake, ukachimba vyoo na kuchota mchanga, visima vitaharibika.

Naamini wazee wa Lamu na viongozi wa kaunti wanalijua jambo hili. Basi walitamke hadharani: vilima vya Shela si viwanja, ni birika la mji, na birika la mji haliuzwi.